Tovuti ya video kwa watu wa filamu: njia nne za kuanza majaribio, na ipi itakufaa

Nilikaa siku tatu Sinza, Dar es Salaam, na mhariri aliyekuwa anamalizia filamu fupi ya dakika 12. Mwongozaji alikuwa Mwanza, mtayarishaji Nairobi, mtu wa sauti Zanzibar. Kila toleo likikamilika, mhariri analibana mpaka linapita WhatsApp, analituma, kisha anasubiri. Majibu yalirudi kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, pale anapofungua mlango kata mapema kidogo." Filamu ile ina milango mitatu. Mhariri akakata kwenye mlango wa pili, mwongozaji alikusudia wa tatu, na siku nzima ikapotea. Toleo la nne, hata rangi haijasawazishwa, likaishia kwenye kundi la watu ambao hakuna aliyewatumia.

Kwa hiyo mtu akinijia kuniambia anataka "YouTube ya kwetu, ya watu wa filamu tu", namuelewa kabisa. Nimesaidia kujenga tovuti kama hizo, na hapa ninalinganisha njia nne zilizo wazi kwa mtu mwenye fedha kidogo, fundi mmoja au wawili, na miezi miwili mitatu ya kujaribu. Kabla ya kuzilinganisha kuna swali moja ambalo ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Ni ya kuonyesha kazi, au ya kukagua kazi?

Kuonyesha ni hivi: mpiga picha wa Arusha ana sampuli ya dakika mbili ya kazi zake bora, anataka watayarishaji wamwone. Atafutwe kwa fani yake, kwa mji, kwa aina ya kamera anayotumia. Video yenyewe si siri. Kadiri inavyoonwa na wengi ndivyo anavyofaidika. Hapa tovuti ni saraka ya watu wenye fani, na video ni ushahidi wa kazi zao.

Kukagua ni kitu kingine kabisa. Toleo halijakamilika. Wanaoruhusiwa kuliona ni watu watano au kumi. Kila maoni lazima yashikane na fremu yake, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Toleo la tatu lisichanganyike na la nne, na mwisho mtayarishaji aseme rasmi kwamba amekubali. Likivuja, kuna hasara ya kweli: baadhi ya matamasha hayapokei filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni, na mnunuzi wa televisheni hatoi bei ileile kwa kitu kilichokwishazunguka kwenye simu za watu. Nakala unayomtumia mnunuzi au tamasha nayo naiweka upande huu, ingawa haihitaji maoni.

Wengi wanaokuja kwangu wanataka yote mawili kwa pamoja. Nimeona fedha zikiishia katikati, saraka imefika nusu na ukaguzi nusu, hakuna kinachotumika. Chagua kimoja kwa majaribio. Kwa maoni yangu ukaguzi ndio unaouma zaidi, na ndio ambao watu watakubali kuulipia, kwa sababu wanapoteza siku za kazi kila wiki.

Njia ya kwanza: kupachika video za YouTube au Vimeo

Unajenga kurasa zako mwenyewe, wasifu wa watu, utafutaji, ujumbe, lakini video zinakaa kwa mwingine, YouTube au tovuti ya video ya Vimeo, na unazipachika tu: zinacheza ndani ya ukurasa wako. WordPress, programu ya kujengea tovuti, inatosha. Fundi anayeijua vizuri atakupa kitu cha kuonyesha ndani ya wiki mbili.

Kwa saraka ya kuonyesha kazi, naipendekeza bila kusita. YouTube haikutozi kitu, inafunguka kwenye kila simu, na inapunguza ubora yenyewe mtandao ukilegea. Wapiga picha wengi tayari wana sampuli zao huko, kwa hiyo kujiunga na tovuti yako ni kubandika kiungo tu. Hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, maana tovuti mpya inakufa kwa sababu haina watu, na watu hawaji kama kujiunga ni kazi.

Kwa ukaguzi YouTube haifai. Video "isiyoorodheshwa" inaonwa na yeyote mwenye kiungo, na kiungo kinatembea haraka. Huwezi kubadilisha faili ukabaki na kiungo kilekile: kila toleo ni video mpya, na wiki mbili baadaye hakuna anayejua kiungo kipi ndicho cha sasa. Halafu kuna jambo ambalo wahariri wanalijua kwa uchungu. Wakati wa kuhariri mtu huweka muziki wa muda, wimbo wowote unaobeba hisia anazozitaka, mpaka muziki halisi utungwe. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, Content ID, unausikia wimbo huo hata kama video haijawekwa wazi, na unaweza kukuzuilia video yako usiku wa kuamkia kikao.

Vimeo inaziba sehemu ya matatizo haya. Ina nywila, inaweza kuzuia video isichezwe nje ya tovuti yako, na inakuruhusu kubadilisha faili kiungo kikabaki kilekile. Ndiyo maana watu wa filamu waliipenda kwa miaka mingi. Lakini hivyo vinalipiwa, na unakuwa mpangaji katika nyumba ya mwingine: mwaka 2025 Vimeo iliingia mkataba wa kununuliwa na Bending Spoons ya Italia, na mwenye nyumba akibadilika, kodi na masharti vinaweza kubadilika pia. Kwa majaribio ya miezi mitatu si neno. Kwa biashara ya miaka mitano, lifikirie.

Njia ya pili: PeerTube kwenye seva yako

PeerTube ni programu huria iliyotengenezwa na Framasoft, shirika la Ufaransa; toleo lake la kwanza kamili lilitoka Oktoba 2018. Unaiweka kwenye seva yako na unapata tovuti nzima ya video: akaunti, chaneli, upakiaji, maoni, kichezaji. Kuanzia toleo la 6 unaweza kuiwekea video nywila. Hakuna ada ya leseni. Leseni yake ni AGPL, na hiyo ina maana ukiibadilisha programu na kuwahudumia watu, ni lazima uwape msimbo uliobadilisha. Mwekezaji wako alijue hilo mapema.

Naipenda PeerTube kwa sababu moja: kila kitu ni chako. Faili, majina ya watu, kumbukumbu za nani ameona nini. Kwa chama cha waongozaji, chuo cha filamu, au tamasha linalotaka kuhifadhi filamu zake bila kumtegemea mtu wa mbali, ni chaguo la heshima.

Lakini itazame kwa karibu kabla hujakubali. Imeundwa ili seva mbalimbali ziunganishwe na kuonyeshana video, na watazamaji wapeane vipande vya video wao kwa wao. Kwa video za wazi hiyo ni baraka, inapunguza mzigo wa seva. Kwa toleo la siri hutaki lolote kati ya hayo, kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuzima vyote viwili. Kazi ya pili ni kubadili ubora. Kila filamu inayopakiwa lazima itengenezwe katika saizi kadhaa, 1080, 720, 480 na kushuka, na kazi hiyo inakula prosesa. Kwenye seva ndogo ya kore mbili, filamu tatu zikipakiwa jioni moja, ya tatu inaweza kuwa bado kwenye foleni usiku wa manane huku mtayarishaji anakupigia simu. Unaweza kuipeleka kazi hiyo kwenye kompyuta nyingine, PeerTube inaruhusu, ila sasa una mashine mbili za kulea.

Maoni yake ni ya kawaida, chini ya video. Hayajafungwa kwenye fremu. Ukitaka hivyo, utaandika programu-jalizi mwenyewe.

Njia ya tatu: huduma ya video inayolipiwa kwa matumizi

Hapa unajenga tovuti yako ndogo kwa lugha fundi wako anayoijua, na kazi ngumu ya video, yaani kupokea, kubadili ubora, kuhifadhi na kusambaza, unaiachia huduma kama Cloudflare Stream, Bunny Stream au Mux. Tovuti yako inaongea nayo kwa API, yaani njia ya programu mbili kuwasiliana. Hii ndiyo ninayoichagua kwa ukaguzi, na nitakaa hapa kidogo.

Tuanze na fedha. Chukua majaribio ya filamu 40 zenye wastani wa dakika 15: dakika 600 za kuhifadhi. Watu 30, kila mmoja anatazama dakika 100 kwa mwezi: dakika 3,000 za kusambaza. Cloudflare Stream hutoza dola 5 kwa kila dakika 1,000 za hifadhi na dola 1 kwa kila dakika 1,000 zinazotazamwa. Hifadhi inalipiwa kwa mafungu ya dakika 1,000, kwa hiyo dola 5 za hifadhi na 3 za kusambaza: jumla, dola 8 kwa mwezi. Bunny wao wanahesabu gigabaiti, na bei yao kwa Afrika ni kubwa kuliko ya Ulaya, kwa hiyo usisome bei iliyo juu ya ukurasa ukadhani ndiyo yako. Dakika zinapendeza kwenye kupanga bajeti, kwa sababu mtayarishaji anazielewa, gigabaiti zinamtisha. Kuhusu kulipa, huduma hizi zinataka kadi. Kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa inaweza kukusaidia, ila hakikisha ina salio siku ya kukatwa, vinginevyo wateja wako watakuta skrini nyeusi.

Ulinzi ndio ulionivutia. Video haina kiungo cha kudumu. Mtu akiingia kwenye tovuti yako, seva yako inamtengenezea tiketi inayoisha muda baada ya, tuseme, saa mbili. Akimtumia mwenzake anwani ile kesho, haifunguki. Juu yake unaongeza jina na barua pepe ya mtazamaji zikielea polepole juu ya picha. Hilo halimzuii mwizi mwenye nia, lakini mtu anayeona jina lake mwenyewe likipita usoni mwa mhusika mkuu anafikiri mara mbili kabla ya kurekodi skrini. Jambo la kuangalia: kwenye simu za iPhone, video ikijaza skrini nzima kichezaji cha simu chenyewe ndicho kinachoshika hatamu, na maandishi uliyoyaweka juu yanatoweka. Sisi tuliamua kuondoa kabisa kitufe cha skrini nzima kwenye simu hizo. Watu walilalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea kuilaza simu.

Halafu maoni kwenye fremu, yaani dawa ya ile milango mitatu. Kivinjari kinakupa muda kwa sekunde, mfano 461.48. Filamu ikiwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni dakika 7, sekunde 41, fremu ya 12. Tovuti inaandika 00:07:41:12, na mhariri anaenda moja kwa moja. Au karibu hivyo. Wahariri wengi huanza mstari wao wa kazi (timeline) saa 01:00:00:00, si sifuri, kwa hiyo kila mradi uwe na sehemu ya kujaza muda wa kuanzia, la sivyo hakuna maoni yatakayooana na kilicho mbele ya mhariri. Na kasi ya fremu iulizwe wakati wa kupakia: filamu ya fremu 24 ikihesabiwa kama 25 inakuonyesha fremu isiyo sahihi ndani ya sekunde ileile. Ukifanya kazi ya ziada ya siku moja, unaweza kuyatoa maoni yote kama faili la EDL, orodha ya nyakati ambayo programu za kuhariri zinaisoma, na mhariri akayaingiza kwenye programu yake ya DaVinci Resolve yakawa alama kwenye mstari wake. Siku tulipomwonyesha mhariri hilo, alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie.

Udhaifu wake upo. Huduma ikipandisha bei au ikifungwa, utalazimika kuhama. Na video zinakaa nje ya nchi, ingawa zinachezwa kutoka seva za karibu: Cloudflare ina vituo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ilijionea maana ya kutegemea kitu kilicho mbali. Kituo cha karibu hakikuokoi kwa kila kitu, lakini seva moja iliyokaa Ujerumani inaumia zaidi.

Njia ya nne: kujenga yote mwenyewe

Hifadhi ya wingu, FFmpeg ya kubadili ubora, HLS ya kukata video vipande, kichezaji chako, foleni yako. Inawezekana, vifaa vyote ni huria na vimekomaa. FFmpeg ipo tangu mwaka 2000 na HLS ilitolewa na Apple mwaka 2009. Kwa majaribio, usiifanye. Fundi atatumia miezi miwili kufikia pale ambapo njia ya tatu inaanzia siku ya kwanza, na hakuna mtu wa filamu atakayekuwa amejaribu chochote.

Zikiwekwa pamoja

| | Kupachika | PeerTube | Huduma ya video | Kujenga yote |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa kuanza | wiki 2 | wiki 3 hadi 4 | wiki 5 hadi 6 | miezi 3 na zaidi |
| Siri ya video | dhaifu YouTube, wastani Vimeo | nzuri ukizima ushirikiano wa seva | nzuri sana | inategemea fundi |
| Maoni kwenye fremu | tabu | kwa programu-jalizi | unajenga utakavyo | unajenga utakavyo |
| Toleo jipya, kiungo kilekile | Vimeo tu | ndiyo, kuanzia PeerTube 6 | ndiyo | ndiyo |
| Nani analea seva | hakuna | wewe, kila siku | wewe, kidogo | wewe, usiku na mchana |

Muda huo ni wa fundi mmoja anayejua anachofanya, kama nilivyouona mimi.

Upakiaji, ambao hakuna anayeupanga

Watu wanaangalia jinsi video inavyocheza, wanasahau jinsi inavyofika. Filamu yetu ya dakika 12 kwa ProRes 422 ya 1080, muundo wa ubora wa juu wa kuhariria, ni kama gigabaiti 11. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni takribani saa tano. Umeme ukikatika saa ya nne, na tovuti haina upakiaji unaoendelea ulipoishia, mhariri anaanza upya. Anaanza upya mara moja. Mara ya pili anaita bodaboda ibebe diski ngumu, na tovuti yako hataigusa tena.

Filamu hiyohiyo kwa H.264, muundo unaobana video zaidi, ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 900, dakika 24. Kwa ukaguzi inatosha kabisa. Weka kikomo hicho waziwazi kwenye ukurasa wa kupakia na uwape wahariri mpangilio tayari wa kutolea faili. Halafu hakikisha upakiaji unaweza kuendelea ulipokatikia. Cloudflare Stream na Vimeo wanatumia itifaki ya tus kwa kazi hii, na PeerTube nayo ina njia yake. Ijaribu kwa mikono yako: pakia, chomoa waya wa mtandao katikati, hesabu hadi 60, rudisha. Kama asilimia inaanzia sifuri, bado hujamaliza.

Kwa upande wa mtazamaji, ijaribu kwa bando la kawaida kwenye simu ya bei nafuu, ukiwa ndani ya daladala, si ofisini kwenye faiba. Ubora wa chini kabisa, 240 au 360, usiuondoe kwa kuona aibu. Mtayarishaji aliye njiani anataka kusikia kama mazungumzo yanaenda sawa, rangi ataziona usiku.

Kabla hujajenga chochote

Kama ni timu moja, watu watatu au wanne wanaohariri kwa Premiere, programu ya Adobe, angalieni kwanza Frame.io, huduma ya kukagua video. Ilinunuliwa na Adobe mwaka 2021 na sehemu yake imo ndani ya malipo ya Creative Cloud, kifurushi cha programu za Adobe. Ina maoni kwenye fremu, matoleo, idhini, vyote vimekamilika. Sioni sababu ya kujenga kitu kwa ajili ya timu moja. Tovuti yako ina haki ya kuwepo pale ambapo ni watu wengi wa makampuni tofauti, wengine hawana kadi ya benki wala Adobe, wanaotaka kulipa kwa simu kwa mradi mmoja tu na kusoma maelekezo kwa Kiswahili. Soko hilo lipo, nalijua kwa majina.

Kwa Tanzania kuna pia suala la leseni. Maudhui ya wazi mtandaoni yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) chini ya kanuni za 2020, na filamu inayoonyeshwa kwa umma ina Bodi ya Filamu. Tovuti iliyofungwa ya kukagua kazi za ndani ni jambo tofauti na tovuti ya umma, lakini nenda ukaulize kabla ya kuifungua. Taarifa za watumiaji nazo zina sheria: Tanzania ni ya mwaka 2022, Kenya ni ya 2019. Usiombe nambari ya kitambulisho kama huihitaji.

Ushauri wangu kwa kila mmoja

Mwenye wazo la saraka ya wapiga picha, waigizaji na watu wa sauti: pachika YouTube, anza wiki ijayo, tumia fedha zako kuwatafuta watu 100 wa kwanza mmoja mmoja. Chuo au tamasha lenye fundi wa kudumu na filamu za kuhifadhi: PeerTube. Anayetaka kumaliza maumivu ya mhariri wa Sinza: huduma ya video, na juu yake vitu vitatu tu, tiketi inayoisha muda, maoni kwenye fremu, na matoleo yaliyopangwa. Usiongeze cha nne mpaka filamu tano za kweli zikaguliwe humo tangu toleo la kwanza hadi idhini.

Na ukichagua huduma ya video, fanya jambo moja siku ya kwanza. Kwenye hifadhidata yako, kila filamu iwe na namba yako mwenyewe, na namba iliyotolewa na huduma ikae kwenye safu yake peke yake. Faili la asili lihifadhiwe mahali pengine pia, hata kama ni diski ngumu mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Tulipolazimika kuhama huduma mwezi wa nne, tulipakia upya filamu 31 kutoka kwenye diski, tukabadilisha safu moja, na maoni yote yalibaki kwenye fremu zake. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu watu waliendelea na kazi.